Namba Moja, Watu Wengi: Sifa za 61,741,120 katika Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, yalitangazwa matokeo ya mwanzo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika nchini Tanzania mwezi Agosti mwaka huo. Kiini cha matokeo hayo kilikuwa namba moja: watu 61,741,120. Namba ya aina hii kwa kawaida hutazamwa kwa ukubwa wake tu. Hulinganishwa na ile ya 2012, ambayo ilikuwa 44,928,923, kisha hutumika katika kupanga shule, zahanati na barabara. Mhadhara huu unaitazama kwa namna nyingine. Unaichukua kama namba nzima yenye sifa zake za kihisabati, na papo hapo kama kirai cha Kiswahili chenye sarufi na historia yake.

Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati wa hisabati unaofundishwa katika shule ya msingi unatosha si kuitaja tu namba kubwa kama hii, bali pia kuichambua na kuthibitisha ukweli kuihusu. Mfano utakaorejewa ni Masama, katika Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huko kaya nyingi huishi ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa. Mtoto hukua akisikia Kimashami nyumbani. Katika shule ya msingi ya serikali husoma hisabati kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza huikuta hisabati ile ile ikifundishwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto huyo, swali la uwezo wa Kiswahili kubeba hisabati si la nadharia tu. Jibu lake huamua kama aliyojifunza kwa miaka saba ni msingi wa kujengea au ni mzigo wa kuachwa mlangoni.

2. Jina la namba

Namba inayochunguzwa husomwa hivi: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Jina hilo ni historia fupi ya lugha. Milioni limetoka Ulaya. Laki limevuka Bahari ya Hindi kutoka lugha za Bara Hindi. Elfu, mia, sitini, arobaini, ishirini na saba yana asili ya Kiarabu. Ukiondoa kiunganishi na, neno pekee la Kibantu katika jina lote ni moja, nalo limetokea mara tatu. Jambo hili litarejewa mwishoni, kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana.

Katika Kiswahili, namba inayozidisha hufuata kipimo chake: husemwa elfu tano, si tano elfu. Utaratibu huu huleta utata pale kizidisho kinapokuwa na mia ndani yake. Mtu akisema elfu mia saba na ishirini, msikilizaji anaweza kuelewa 720,000, lakini pia anaweza kuelewa 700,020. Sikio halina mabano. Wasemaji wamelitatua tatizo hili kwa njia mbili. Wengine hugeuza mpangilio na kusema mia saba na ishirini elfu. Wengine hutumia laki, ili ile namba ya kwanza iwe laki saba na elfu ishirini, na ya pili laki saba na ishirini. Kwa hiyo laki si pambo la wafanyabiashara. Ni kifaa cha kisarufi kinachoondoa utata ambao mpangilio wa maneno umeuzalisha.

3. Shufwa na witiri

Sifa ya kwanza ya 61,741,120 ni kuwa namba shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili bila baki. Namba isiyogawanyika hivyo huitwa witiri. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, ambamo shaf ni jozi na witr ni kisicho na mwenzake. Kwa Mwislamu, witiri pia ni sala ya usiku yenye rakaa zisizo jozi. Mtoto wa Kilutheri wa Masama anayeandika witiri kwenye daftari lake la hisabati anatumia neno ambalo jirani yake Mwislamu analijua pia katika ibada, na wote wawili wanaelewana. Istilahi haikubuniwa kutoka hewani: ilikuwa tayari na makao katika lugha.

Matokeo ya sensa yenyewe yanatoa mfano wa kanuni mbili za msingi. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Namba zote mbili ni shufwa, na jumla yao ni shufwa. Kwa upande mwingine, Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Hapa namba zote mbili ni witiri, lakini jumla yao ni shufwa ile ile. Sababu ni rahisi kueleza. Kila witiri ni kundi la jozi pamoja na mmoja aliyebaki peke yake. Witiri mbili zikijumlishwa, hao wawili waliobaki hufanya jozi, na hakuna anayebaki. Sentensi hizo ni uthibitisho kamili, na hazikuhitaji neno lolote la kuazima kutoka darasa la sekondari.

4. Kuondoa tisa

Je, mtu aliye na kalamu na karatasi tu anawezaje kuhakiki kwamba hesabu hizo zimejumlishwa sawasawa? Njia ya kale ni kuondoa tisa. Kumi ikigawanywa kwa tisa hubaki moja. Mia hubaki moja, elfu hubaki moja, na hali kadhalika milioni. Kwa sababu hiyo, baki la namba yoyote ikigawanywa kwa tisa ni sawa na baki la jumla ya tarakimu zake.

Tarakimu za 61,741,120 zikijumlishwa hutoa 22, na 22 ikigawanywa kwa tisa hubaki 4. Tarakimu za idadi ya wanawake hutoa 43, baki ni 7. Za wanaume hutoa 15, baki ni 6. Saba na sita ni 13, na 13 ikiondolewa tisa hubaki 4. Upande wa Bara, tarakimu hutoa 42, baki ni 6. Upande wa Zanzibar hutoa 43, baki ni 7. Jumla tena ni 13, na baki ni 4. Migawanyo yote miwili inaafikiana.

Ikumbukwe kwamba njia hii ina mipaka. Hugundua tarakimu moja iliyokosewa, isipokuwa pale 0 inapoandikwa badala ya 9 au kinyume chake. Haigundui tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kwa kuwa jumla yake haibadiliki. Hata hivyo, karani wa chama cha ushirika anayejumlisha kilo za kahawa za wakulima wake anaweza kuitumia bila mashine yoyote.

5. Kigawo, kigawe na namba tasa

Namba inayoigawa nyingine bila baki huitwa kigawo. Ile inayogawanyika huitwa kigawe. Wanafunzi wengi huyachanganya maneno haya, lakini mofolojia ya Kiswahili inayatenganisha waziwazi. Kiishio -o katika kigawo ni kile kinachoonekana katika kifuniko na kifungo: kinaonyesha kitu cha kutendea. Kiishio -e katika kigawe ni kile cha kiumbe, yaani kilichoumbwa, na cha mtume, yaani aliyetumwa: kinaonyesha aliyetendwa. Kigawo hugawa, kigawe hugawanywa. Kwa hiyo 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7. Vokali moja ya mwisho inabeba uhusiano mzima wa kihisabati.

Inafaa kufikiria miche ya kahawa katika kihamba. Mkulima mwenye miche 12 anaweza kuipanda kwa mistari miwili ya miche sita sita, au mitatu ya miche minne minne. Mwenye miche 13 hana hiari hiyo. Akitaka mistari iliyo sawa, ataipanda yote katika mstari mmoja, au kila mche uwe mstari wake. Namba kama 13, kubwa kuliko moja na isiyo na kigawo ila moja na yenyewe, huitwa namba tasa.

Neno tasa, ambalo katika maisha ya kawaida hutumika kwa kiumbe asiyezaa, limezua mjadala. Inaweza kudaiwa kwamba limekosewa, kwa kuwa namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana. Dai hilo lina ukweli, lakini linaangalia upande mmoja. Ukianza na namba na kuipasua ili upate vigawo vidogo zaidi, 12 inatoa 3 na 4, ilhali 13 haitoi kitu. Istilahi imeegemea tendo la kugawa, si la kuzidisha. Anayeifundisha akieleza hivyo, utata huondoka.

Sasa namba ya sensa inaweza kupasuliwa. Ikigawanywa nusu kwa nusu, hutoa 30,870,560; 15,435,280; 7,717,640; 3,858,820; 1,929,410; na mara ya sita 964,705, ambayo ni witiri. Namba hiyo inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa tano na kutoa 192,941. Hiyo nayo ni 7 mara 27,563, na 27,563 ni 43 mara 641. Kwa ufupi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641.

Je, 641 ni tasa? Haihitajiki kujaribu namba zote zilizo chini yake. Kama ingekuwa zao la namba mbili, mojawapo isingezidi kipeuo cha pili cha 641, ambacho ni pungufu ya 26. Inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Hivyo 641 ni tasa.

Namba hii ina sifa katika historia ya hisabati. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba 4,294,967,297, ambayo ni moja zaidi ya mbili kwa kipeo cha 32, ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba sivyo: namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Kwamba kigawo hicho hicho kimejitokeza katika idadi ya Watanzania ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayomruhusu mwalimu kulieleza tukio hilo kwa mfano wa nyumbani.

Upasuaji huo una nguvu kwa sababu ya kanuni iliyothibitishwa rasmi na Carl Friedrich Gauss mwaka 1801: kila namba nzima kubwa kuliko moja ni zao la namba tasa kwa njia moja tu, pasipo kujali mpangilio. Neno zao hapa ni lile lile la zao la kahawa, yaani kinachopatikana baada ya kazi. Kutokana na kanuni hiyo, idadi ya vigawo vyote inaweza kupatikana bila kuviorodhesha. Katika kuunda kigawo, 2 inaweza kutumika mara yoyote kati ya sifuri na sita, yaani kwa njia saba. Kila moja ya 5, 7, 43 na 641 inaweza kutumika au kuachwa, yaani njia mbili. Saba mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara mbili ni 112. Namba ya sensa ina vigawo 112. Watu hao wangeweza kupangwa katika makundi 43 ya watu 1,435,840 kila moja, au makundi 641 ya watu 96,320, wala asibaki mtu.

6. Mafungu ya elfu na kikwazo cha laki

Kugundua kwamba 7 ni kigawo cha namba yenye tarakimu nane ni kazi ya kuchosha, lakini kuna njia ya mkato. Zao la 7, 11 na 13 ni 1001. Hivyo elfu moja ni pungufu ya 1001 kwa moja tu, na milioni moja ni zaidi ya kigawe cha 1001 kwa moja tu, kwa kuwa 999,999 ni 1001 mara 999. Kwa ajili hiyo, namba hugawanywa katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia. Fungu la mwisho huchukuliwa kama lilivyo, la elfu hutolewa, na la milioni hujumlishwa.

Mafungu ya namba hii ni 61, 741 na 120. Jumla ya 120 na 61 ni 181; ikitolewa 741, jibu ni pungufu ya sifuri kwa 560. Namba 560 ni 7 mara 80, hivyo 7 ni kigawo cha namba nzima. Lakini 560 haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13. Hivyo hizo si vigawo.

Hapa wanaisimu wana jambo la kuzingatia. Njia hii inahitaji fungu la 741 lisikike kama kitu kimoja. Anayesema mia saba arobaini na moja elfu analisikia. Anayesema laki saba na elfu arobaini na moja amelivunja fungu hilo vipande viwili. Laki, iliyosaidia sikio kuondoa utata, inalificha jicho muundo ambao koma za maandishi zinauonyesha. Hakuna usomaji ulio bora kwa kila kazi. Sokoni na benki laki ina faida. Katika uchambuzi wa mafungu, usomaji wa elfu ndio unaofaa. Mwanafunzi anastahili kufundishwa yote mawili na kuambiwa sababu.

7. Mtu mmoja zaidi

Sifa zote zilizoelezwa ni za namba, si za taifa. Hesabu ya mamilioni haiwezi kudai usahihi wa mtu wa mwisho, na wapangaji mipango hutosheka na milioni 61.7. Hata hivyo, hisabati ya namba nzima haijui makadirio, na jambo hilo lina funzo lake.

Ichukuliwe kwamba katika kaya moja ya Masama kulikuwa na mtoto mchanga ambaye hakuandikwa, na kwamba anaongezwa. Jumla inakuwa 61,741,121. Katika ukubwa, hakuna kilichobadilika. Katika vigawo, kila kitu kimebadilika. Kama namba fulani ingeigawa 61,741,120 na pia 61,741,121 bila baki, ingelazimika kuigawa tofauti yao, ambayo ni moja. Namba pekee inayoigawa moja ni moja yenyewe. Kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 zote zimeondoka kwa pamoja. Mafungu nayo yanasema hivyo: badala ya 560 sasa kuna 559, ambayo ni 13 mara 43, na kweli 61,741,121 ni 13 mara 4,749,317. Kama badala ya kuongezwa mtu angepunguzwa mmoja, namba ingekuwa 61,741,119. Jumla ya tarakimu zake ni 30, na mara moja 3 ingekuwa kigawo.

Kihamba kinaweza kugawanywa nusu, robo na nusu ya robo, na warithi wakabishana juu ya hatua moja ya ardhi. Mtu hagawanyiki. Ndiyo maana hesabu ya watu ni ya namba nzima, na ndiyo maana mmoja hawezi kupotea ndani yake bila kuacha alama.

Sarufi ya Kiswahili inaliona jambo hili pia. Namba za asili ya Kibantu kutoka moja hadi tano, pamoja na nane, huchukua viambishi vya ngeli. Zile za asili ya Kiarabu hazichukui. Katika watu milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini, moja limetokea mara tatu, lakini hakuna hata mara moja linapomhusu mtu. La kwanza linahesabu milioni, la pili elfu, la tatu mia. Kirai chote hakina upatanisho na nomino watu. Lakini aliyeongezwa akifika, kirai kinaishia mia moja ishirini na mmoja. Kiambishi cha ngeli ya watu kinaonekana kwa mara ya kwanza, na kinaonekana juu ya yule mmoja.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba namba moja kubwa inaweza kutajwa, kuhakikiwa, kupasuliwa na kuthibitishiwa sifa zake kwa istilahi zilizomo katika vitabu vya shule ya msingi: shufwa, witiri, tarakimu, baki, kigawo, kigawe, tasa, zao, kipeo na kipeuo. Imeonyeshwa vilevile kwamba istilahi hizo zina mantiki ya ndani, inayotokana na mofolojia na historia ya lugha, ambayo kwa nadra hufafanuliwa darasani.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wataalamu wa Kiswahili na walimu wa hisabati washirikiane kuandika maelezo ya istilahi, si orodha za tafsiri tu, ili mwanafunzi ajue kwa nini kigawo si kigawe. Pili, anayeingia kidato cha kwanza, awe Masama au kwingineko, asitakiwe kuanza upya kana kwamba hakuwahi kufikiri. Alipoelewa kwa Kiswahili kwamba namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila moja, alielewa uthibitisho. Lugha nyingine itampa njia ya pili ya kuusema. Haitaufanya kuwa kweli zaidi.